Pindo Lililosubiri Magoti

Kila asubuhi, kabla mguu wake haujagusa sakafu, Bi Pindo alimkumbuka wifi yake. Hakumkumbuka kwa wema. Alitazama dari, akalitafuna lile neno moja, "amelewa," akalitafuna tena, mpaka usingizi ukamtoka wote. Ndipo alipoketi kitandani polepole, akateremsha miguu, akaiacha ining'inie, akavikunja na kuvikunjua vidole kama mtu anayepima viatu vipya. Akanywa maji, bilauri nzima. Akasimama akiwa ameshika ukingo wa kabati, akasubiri kuona kama giza litamjia. Lisipomjia, alimeza kidonge.

"Hiki chako, wifi," alisema, na kidonge kikashuka.

Jina la Bi Pindo alipewa na wateja. Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na wakati watu wengine wanaangalia kifua na mgongo wa gauni, yeye aliangalia chini. Pindo lake lilikwenda sawa kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Hakulikunja nyumbani hata siku moja. Alilimalizia ukumbini, siku yenyewe, bibi harusi akiwa amevaa viatu vyake vya harusi, maana alisema mwanamke aliyevaa viatu vile hasimami tena kama alivyosimama siku ya kupimwa. Basi alipiga magoti, pini mdomoni, akamzunguka bibi harusi kwa magoti yale yale, akamaliza, akainuka. Miaka nenda miaka rudi aliinuka.

Siku moja hakuinuka.

Ilikuwa harusi ya watu wengine, katika ukumbi uliopambwa na wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi huyo aliitwa Mama Mapambo, kwa sababu hakukuwa na ukumbi mjini ambao hakuwahi kuutundikia kitambaa. Wawili hao walifanya kazi pamoja kama uzi na sindano. Mmoja akipata harusi, humvuta mwenzake. Siku ile Bi Pindo alimaliza pini ya mwisho, akainuka kama kawaida, na dunia ikazimika. Alinyoosha mkono kutafuta cha kushika, akalipata tao la maua. Tao lililofungwa vizuri, lenye mifuko ya mchanga miguuni, humzuia mtu mzima. Lile halikuwa na mchanga. Mama Mapambo alikuwa na haraka, mifuko aliiacha kwenye gari. Tao likaja chini, na Bi Pindo chini yake, na maua ya kitambaa juu ya wote.

Watu wakakimbia. Na kabla hata mmoja hajauliza kwa nini tao limeanguka kirahisi hivyo, Mama Mapambo alijishika kiuno akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Amelewa huyu. Saa nne asubuhi. Nimemsema mpaka nimechoka."

Bi Pindo hakuwahi kuonja pombe. Hata dawa ya kikohozi iliyonukia pombe aliirudisha dukani. Lakini alikuwa amelala pale, ulimi mzito, macho hayajarudi, masikio yamekwisha kurudi. Akasikia kila kitu. Alisikia pia mama mmoja asiyemjua akivua viatu vyake vya kisigino, akapiga magoti kando yake na kumpepea kwa trei ya vikombe, akimwambia, "Pumua, mama, pumua, hawa waache waseme." Wote wawili aliwaweka moyoni. Yule wa trei alimwombea heri. Wifi yake alimweka kiporo.

Neno likatembea. Bibi harusi wa mwezi uliofuata alikuja kuchukua kitambaa chake, akasema amepata fundi wa karibu na kwao. Fundi huyo wa karibu alikuwa mwisho kabisa wa mji. Mwingine alisema harusi imeahirishwa, na Jumamosi ile ile Bi Pindo akaona magari yake yakipita na mariboni. Cherehani ikaanza kufunikwa mchana. Kaka yake alikuja mara moja, akanywa chai, akazungumza habari za mvua, akaondoka. Alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa ya nyumbani kwake mwenyewe.

Hospitalini daktari alimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, akatikisa kichwa. Akilala iko sawa, akisimama inaporomoka. Presha ya kushuka. Akamwandikia vidonge, na aliyemweleza jinsi ya kuvitumia alikuwa mfamasia wa hapo hapo, baba mwenye mvi aliyeongea taratibu kama hana foleni.

"Mama, dawa hii ni ya kukusimamisha. Kwa hiyo ukishaimeza, kaa au simama. Usilale."

"Hata nikichoka?"

"Ukichoka kaa kwenye kiti, mgongo wima. Hii dawa inasukuma damu kupanda. Ukilala, hakuna tena pa kupanda, nayo inaendelea kusukuma tu. Presha inaruka mpaka inakuwa hatari nyingine."

"Na ya jioni?"

"Hakuna ya jioni. Asubuhi ukiwa umeamka, mchana, na alasiri basi. Kati ya ile ya mwisho na kitanda, yapite masaa manne au zaidi. Na kitanda chenyewe, upande wa kichwa uwe juu."

"Nikisahau kimoja je?"

"Umesahau. Kinachofuata meza kimoja kwa wakati wake. Usijilipie deni kwa viwili." Akatabasamu. "Kichwani utahisi kama sisimizi wanatembea, na vinyweleo vitakusimama. Usiogope, hiyo ni dawa inafanya kazi. Lakini kichwa kikikugonga, masikio yakipiga ngoma, macho yakiingia ukungu, kaa wima, usimeze kingine, tupigie. Za mafua za dukani usizichanganye na hii kabla hujaniuliza. Na usimpe mtu."

"Nimpe nani, baba?"

"Watu wanapeana, mama. Mtu anasema na mimi nina presha, anapewa. Wewe yako inashuka, mwenzio yake inapanda. Dawa yako kwake ni kuni motoni."

Halafu, akiona Bi Pindo analisogeza boksi mbali na karibu na macho, hakumuuliza miwani yake iko wapi. Alichukua kalamu akachora juu ya boksi jua linalochomoza, jua la utosini, jua linaloinama, na kitanda kilichopigwa alama ya X. Akamkabidhi. Bi Pindo aliuona wema huo, akauchukua mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo hakukuwa na mgonjwa mtiifu kama yeye. Muuguzi wa kliniki alimsifu, akasema laiti wengine wangekuwa hivi. Bi Pindo aliinamisha macho kwa adabu. Hakumwambia kwamba anachotaka si afya peke yake. Alitaka kusimama wima mbele ya mtu fulani, kwa muda mrefu, mtu huyo akiwa chini. Hasira ilimfundisha saa kuliko kengele. Sisimizi walipoanza kumtambaa kichwani, aliwapokea kama wageni. "Tembeeni," aliwaambia, "tuna safari."

Safari yenyewe ilikuja kubisha hodi mlangoni, imevaa raba. Alikuwa binti wa kaka yake, mtoto pekee wa Mama Mapambo.

"Shangazi, naolewa. Gauni langu utashona wewe."

"Mama yako anajua?"

"Anajua sitavaa la mtu mwingine."

"Akasemaje?"

Binti akachezea ufunguo mkononi. "Akasema utamwangushia tao."

Bi Pindo alicheka, kicheko kifupi kilichokatwa na mkasi. Alimpenda mtoto huyu. Alimshonea hata nguo ya kwanza ya shule. "Mwambie nitashona," alisema. "Mwambie na pindo nitalimalizia ukumbini, kama kawaida yangu. Asiniwekee kitu chochote, aje yeye tu."

Binti alimkumbatia, akaondoka akiimba. Mkwe wa Bi Pindo, mke wa mwanawe, aliyekuwa akipanga vyombo, akageuka.

"Mama, daktari si amekukataza kupiga magoti na kuinuka?"

"Amenikataza mimi. Hajamkataza mama wa bibi harusi."

Mkwe akaweka sahani chini taratibu. "Unataka kumpigisha magoti Mama Mapambo?"

"Mama kumtilia bintiye pini, mwanangu, hiyo ni heshima. Watu watafuta machozi."

"Mbele ya wakwe wapya?"

"Mbele ya wakwe wapya, na mbele ya wale wote waliomsikia. Nalikata gauni la mzunguko mpana. Mpana kabisa. Atazunguka mpaka ajue jina la kila kigae."

"Una roho mbaya, mama," mkwe alisema, lakini midomo ilimcheza.

"Ninayo moja tu. Nimeitunza kwa ajili yake."

Basi akashona. Cherehani ilifunuliwa tena, ikalia kutwa. Alishona kifua, mgongo, mikono ya lesi, na kila mshono ulikuwa mzuri kwa sababu ya binti, na kila kipande cha chini kilikuwa kipana kwa sababu ya mama. Alipofika mwisho aliliacha pindo wazi, nyuzi zikining'inia, akalitazama kama mtu anayetazama mtego aliouficha vizuri.

Mara moja tu uchovu ulimshinda. Alikuwa amemeza cha mchana, jua limewaka, na marobota ya kitambaa yalikuwa laini. Akasema ataweka mgongo kidogo tu. Aliamka na ngoma masikioni na kichwa kinachogonga kama mlango. Mkwe wake alimkuta, akamwinua akamketisha kwenye kiti chenye mgongo, akapiga simu hospitalini mkono mmoja ukiwa begani kwake, akafanya alivyoambiwa: wima, hakuna kidonge kingine, mpime tena baada ya muda, isiposhuka mlete. Ikashuka. Mkwe hakumfokea. Kesho yake tu Bi Pindo alikuta marobota yamehamishwa juu ya kabati, asipofika, na chini ya miguu ya kitanda chake, upande wa kichwani, vimewekwa vipande viwili vya mbao vilivyopigwa msasa ili visimchune.

"Nani kaviweka?" aliuliza.

"Vimeota," alisema mkwe.

Siku ya harusi Bi Pindo alimeza cha asubuhi, akala uji, akaweka mkobani boksi lake, chupa ya maji, na kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi alichonunuliwa na mwanawe. Alipoingia ukumbini, macho yalimkimbilia kwanza, kisha yakakimbilia kwenye tao, kana kwamba watu wanahesabu umbali. Alitembea wima katikati yao wote. Sisimizi walikuwa wanafanya kazi yao.

Chumba cha kumvalishia bibi harusi kilikuwa nyuma ya jukwaa: kioo kirefu, meza moja imara, viti, na wanawake. Walikuwepo wakwe wapya, mama na shangazi wa bwana harusi, wamekaa kwa staha mikono mapajani. Walikuwepo pia wale wa mjini, wa siku ile. Na alikuwepo dada yake Mama Mapambo, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mkubwa, akigawa soda.

Mama Mapambo alikuwa amesimama pembeni, kamba za mapambo zikimtoka mfukoni, jasho shingoni. Tangu alfajiri alikuwa juu ya ngazi. "Umefika, wifi," alisema, macho yakiwa kwenye kamba.

"Nimefika, wifi. Kwa miguu yangu."

Bibi harusi akavaa gauni, akavaa viatu, akasimama katikati ya chumba. Wanawake wakavuta pumzi, maana lilikuwa gauni hasa. Kisha wakaona chini, pindo wazi limetanda sakafuni kila upande.

Bi Pindo alitoa mto wa pini, akaushika mkononi, akatazama chumba kizima. "Mimi ni mgonjwa wa presha ya kushuka," alisema bila haraka. "Ndiyo iliyoniangusha siku ile. Nikipiga magoti na kuinuka, huanguka, na nisingependa kumwangukia mtoto. Kwa hiyo pini atatia mama mzazi. Ni heshima yake. Mimi nitamwelekeza."

Wakwe wapya wakaguna kwa kupendezwa. "Jambo zuri hilo," alisema mama wa bwana harusi. Wale wa mjini wakatazamana. Mama Mapambo alimtazama wifi yake kwa mara ya kwanza siku ile, akaelewa. Aliutazama mlango, akawatazama wakwe, akapokea mto wa pini. Akapiga magoti.

Bi Pindo alilingoja jambo hili asubuhi nyingi, na sasa alilinywa kidogo kidogo ili lisiishe.

"Kunja kidogo. Zaidi. Hapo. Hapana, umepitiliza, itoe."

"Hapa?"

"Pale pale ulipokuwa mwanzo, wifi. Macho yako yana haraka. Haraka ndiyo inayoharibu kazi ya watu."

Mtu mmoja wa mjini alikohoa ndani ya soda yake. Mama Mapambo alisogea kwa magoti, pini mdomoni, kilemba kimeinama. Kigae baada ya kigae. Chumba kilikuwa cha moto, feni imeelekezwa kwa bibi harusi. Mara mbili Bi Pindo alimrudisha nyuma bila sababu yoyote ya ufundi. Mara ya tatu aliona nyayo za wifi yake, zimepasuka, zimeshika vumbi la ngazi, na kisigino kimoja kimefungwa plasta. Aliona pia, kupitia mlango ulioachwa nusu wazi, tao la leo kule ukumbini: miguu yake yote miwili imekaliwa na mifuko ya mchanga, mikubwa, zaidi ya inavyohitajika. Hakupenda kuviona vitu hivyo. Mtu akiwa anakula kisasi hataki kukuta mawe.

"Endelea," alisema, lakini sauti haikuwa kali kama ya mwanzo.

Zilikuwa zimebaki pini chache wakati mtu alipogonga mlango, akaita kwamba waliokodi viti wanamtafuta Mama Mapambo. Akainuka. Aliinuka mara moja, kama alivyoinuka Bi Pindo siku ile, na kama siku ile, uso ukapoteza rangi, mkono ukanyooshwa hewani kutafuta cha kushika.

Hakukuwa na tao chumbani. Kulikuwa na Bi Pindo, amesimama. Akamdaka kiunoni, miguu yake mwenyewe ikashika sakafu, ikakataa kutetereka, na akamshusha wifi yake juu ya kiti kama anavyoshusha gauni kwenye hanga.

"Giza," alisema Mama Mapambo. "Naona giza."

"Litapita. Kaa. Inamisha kichwa."

Dada yake Mama Mapambo alikuwa amekwisha fika. "Ni presha hiyo. Anayo siku zote, leo kaikimbiza na ngazi. Fundi, wewe si una vidonge vya presha? Mpe kimoja upesi."

"Nipe," Mama Mapambo akasema, akafungua kiganja. "Nipe, wifi, nisiaibike mbele ya watu."

Kiganja kilikuwa wazi, kimejaa alama za kamba. Bi Pindo alitia mkono mkobani, vidole vikaligusa boksi. Alijua, kama walivyojua wote katika familia, kwamba presha ya wifi yake ni ya kupanda. Na humo chumbani ni yeye peke yake aliyejua kilichomo kwenye boksi. Hakuna ambaye angemlaumu. Ameombwa, ametoa, tena mbele ya mashahidi. Neno "amelewa" lilimpanda kooni na ladha yake yote, na vinyweleo vikamsimama, na safari hii hakuwa na hakika kama ni dawa.

Akautoa mkono. Ulikuwa na chupa ya maji.

"Hiki cha kwangu si chako," alisema. "Changu kinasukuma kwenda juu. Wewe unayo ya kupanda. Nikikupa hiki nitakuwa nimekuua, na mimi sijafika huko." Akamgeukia dada mtu. "Na wewe usigawe dawa kama soda. Lete feni hapa. Wifi, umekula?"

"Nilale kwanza."

"Jibu. Umekula?"

"Tangu jana, chai tu."

"Vidonge vyako?"

"Nimemeza asubuhi. Juu ya chai."

"Juu ya ngazi, useme." Alimfunga kipimo mkononi, kikajaa upepo, kikashuka, kikatoa namba zake. Zilikuwa juu. Giza lilikuwa la kuinuka ghafla na tumbo tupu, lakini presha yenyewe ilikuwa imepanda, na kidonge kile kingeipandisha zaidi. Alimgeuzia dada mtu aone. Dada mtu akaangalia, akaweka trei ya soda chini, akakaa.

Walimpa maji na mkate. Walimpima tena baadaye kidogo. Namba zilikuwa zimeanza kuteremka. Bi Pindo akamwambia kesho aende kliniki, awaeleze kilichotokea, na vidonge vyake asiache wala asivipunguze kwa akili yake mwenyewe. Mama Mapambo aliitikia kila neno. Rangi ilimrudia.

Bi Pindo alisimama mbele ya kiti kile. Alikuwa ameweza kumshinda muuaji aliyekuwa ndani yake, lakini hakuwa malaika, na kiporo kilikuwa bado mezani. Akainama kidogo tu, akamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Umelewa, wifi?"

Hakuna aliyecheka. Wakwe wapya hawakuelewa. Wale wa mjini waliangalia vikombe vyao. Mama Mapambo alimeza mkate uliokuwa mdomoni. Alipojibu hakumtazama wifi yake. Aliwatazama wale wa mjini, mmoja mmoja.

"Sikulewa," alisema. "Na yeye siku ile hakulewa. Tao halikuwa na mchanga. Mchanga niliusahau mimi."

Sisimizi walitembea kichwani kwa Bi Pindo kutoka paji mpaka kisogo. Alikuwa amefikiri siku hii ingekuwa na utamu mkubwa zaidi. Ilikuwa tamu ya kutosha. Akachukua kitambaa mkobani, akamfuta wifi yake jasho la shingoni, si kwa upole sana.

"Kula," alisema. "Mkate huo mkavu, lakini kula."

Alasiri ilikuwa imeingia. Alimeza chake cha mwisho kwa wakati wake, akiwa wima, maji mengi. Kisha akapiga kofi moja mezani kuona kama ni imara, akamwambia bibi harusi avue viatu kwanza, apande, avivae huko huko juu. Wakwe wakamshika mikono. Akapanda. Pindo likaning'inia sawasawa na kifua cha Bi Pindo, aliyevuta kiti, akaketi mgongo umenyooka, akaanza kutia pini zilizobaki na kurekebisha zile zilizotiwa, akimgeuza bibi harusi polepole kwa kidole kimoja. Magoti ya mtu yeyote hayakuhitajika.

Bibi harusi alitazama chini kutoka mezani. "Shangazi," alisema, "si tungefanya hivi tangu mwanzo?"

Kule kwenye kiti, Mama Mapambo aliacha kutafuna. Aliitazama meza, akautazama mzunguko mpana wa gauni, akayatazama magoti yake mwenyewe yenye vumbi la vigae vyote, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, kimya kimya, mkono ukiwa mdomoni, machozi yakimtoka.

Bi Pindo alikuwa na pini mdomoni. Akamgeuza bibi harusi tena kwa kidole kimoja.